Kitufe Kinachosikia Salamu Tu

Keki ilikuwa ya kijani, ile ya krimu nyingi ndani na sukari laini juu ambayo Waswidi huikata wanapofurahi, na siku hiyo ilikatwa kwa heshima ya Alliance. Josefin, mkuu wake wa kazi, alimkabidhi kisu kwa mikono miwili kama anamkabidhi bwana harusi.

"Kata wewe," alisema. "Umetuokoa."

Alliance akakata. Alikuwa binti wa Kirundi aliyekulia Stockholm, mrefu, mkimya, na kazini walimpenda kwa sababu alijua kufanya mambo yapungue, gharama kwanza.

Kampuni yao ilitengeneza vitufe vya wazee. Kitufe chenyewe ni cha kijivu, kinaning'inia shingoni kama rozari. Mzee akianguka au akizidiwa anakibonyeza, anasema shida yake, na mashine inamsikiliza. Mtu hayupo; mtu ana mshahara na likizo. Mashine ndiyo inayoamua. Wito ikiupaka rangi nyekundu, unaruka moja kwa moja kwa muuguzi wa zamu, naye anatoka mbio. Ikiupaka kijani, unakaa kwenye foleni, na mzee atapigiwa watu wakipata nafasi. Na watu, kama ujuavyo, nafasi hawapati.

Sasa mashine hiyo haikuwa pale ofisini. Ilikuwa kwenye kile wanachokiita wingu, na wala usitazame juu. Ni mabanda makubwa ya kompyuta za watu wengine, huko mbali, na kila sekunde mashine inapofikiri unalipia, kama teksi uliyoisimamisha mlangoni huku mita inazunguka. Wazee nao wanapenda kuongea. Mpe mzee sikio la bure, atakuanzia na goti amalizie na harusi ya dada yake. Bili ikapanda, ikapanda tena, mpaka Josefin akawa anaingia ofisini na kukaa mezani bila kuvua koti.

Ndipo Alliance akapata wazo. Alisikiliza rekodi nyingi, akaona Waswidi hawana maneno. "Nimeanguka." "Kifua." "Njooni." Mswidi hata akiwa anakufa anafupisha. Basi ya nini kulipia maongezi yote? Akaiweka mashine ndogo, ya bei rahisi, isikilize sekunde chache za mwanzo tu, iamue, basi. Yaliyobaki yahifadhiwe kwenye ghala la bei poa bila kusikilizwa na yeyote, eti kwa kumbukumbu.

Kiswahili pia alikitia yeye mwenyewe, bila kuombwa, kwa ajili ya baba yake na wazee wenzake wa Jordbro. Alikijaribu kwa kuketi mezani na kuisomea mashine maneno: "Nimeanguka." "Nasikia kizunguzungu." Mashine ikapaka nyekundu kila mara, naye akaridhika. Aliisomea alivyodhani wagonjwa husema. Hakuisomea wanavyosema, ingawa amezaliwa na mmoja wao na amelelewa na kumi.

Bili ikashuka. Keki ikaliwa.

Jumapili Alliance alipanda treni kwenda Jordbro kumwona baba yake. Mzee Vénant alitoka Rumonge, alikuwa katekista, na mpaka leo huwezi kumkuta nyumbani bila shati lililofungwa vifungo vyote. Mkewe alikwisha kufa. Aliyekuwa akimchangamsha ni jirani wa ghorofa ya chini, Jerioth, Mtaita wa Voi, mjane pia, mama yake Tiana. Mdomo wake ungeweza kukata kuni. Siku hiyo alikuwapo, amekalia kiti kizuri kuliko vyote, na yeye kitufe chake shingoni.

"Karibu, mtoto wa Vénant," alisema. "Ati umepata keki kazini. Hujatuletea hata ya kuramba?"

"Iliisha, Mama Tiana."

"Iliisha. Mzungu akikata keki huisha. Sisi tukikata, hubaki ya jirani."

"Mwacheni mtoto apumue," akasema Vénant, akashika kifua kidogo, kisha akakishika kitufe. "Ngoja niongee na hawa watu. Tangu jana hapa pananibana."

"Baba! Ulikuwa hujaniambia!"

"Si ndiyo naenda kuwaambia wao? Tulia, mama."

Akabonyeza. Sauti ya kike, tamu, ikasema kwa Kiswahili: "Ninakusikiliza, Vénant." Hapo Jerioth akaguna, maana hakuwahi kuzoea mashine inayomwita mzee kwa jina lake kavu.

Vénant akajiweka sawa kitini kama mtu anayepigwa picha.

"Hamjambo hapo wote? Habari za kazi? Mnaendeleaje na hii baridi? Huku kwetu ni salama, tunamshukuru Mungu, mimi niko mzima, na mtoto amekuja kunisalimia, tunakunywa chai. Ila sasa, tangu jana, kifua kinanibana, na mkono huu wa kushoto nausikia mzito. Ndiyo nikasema niwajulishe, msipotingwa."

Mashine ikanyamaza kidogo, kama mtu anayetafakari. Kisha ikasema: "Asante, Vénant. Tunafurahi kusikia kuwa unaendelea vizuri. Tutakupigia."

Jerioth akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wanafurahi! Mzee anabanwa kifua, wao wanafurahi!"

"Labda ni mtoto, bado anajifunza," akasema Vénant kwa upole.

Alliance hakucheka. Alikuwa amejua mara moja kilichotokea, kama vile fundi anavyolijua bomba alilolifunga mwenyewe. Mashine ilisikia *hamjambo*, ikasikia *salama*, ikasikia *mimi niko mzima*, kisha sekunde zake zikaisha ikaziba masikio. Kifua kilikuja nyuma ya salamu. Kwa wazee hawa kila kitu huja nyuma ya salamu. Mtu aliyefiwa asubuhi atakwambia nzuri kwanza, halafu ndiyo akuambie amefiwa.

Alimpeleka baba yake hospitali ya Flemingsberg siku ileile. Wakampima, wakasema moyo uko sawa, ni msuli tu aliouvuta akibeba gunia la mchele. Kwenye treni ya kurudi Alliance alimshika mkono.

"Baba, nisikilize. Ukibonyeza kile kitufe, usisalimie. Sema shida kwanza."

"Nani?"

"Wewe. Sema tu, kifua kinauma. Basi."

Vénant alimtazama kama amemwambia atoke nje bila suruali. "Mtu amekaa huko kazini, sijui ameamkaje, nimpigie kelele kifua, kifua? Mimi ni mbwa nibweke?"

"Si mtu, Baba. Ni mashine."

"Inaongea Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Basi isalimiwe."

Kesho yake Alliance alimfuata Josefin, akamweleza yote. Josefin hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri kulisema hilo, maana wabaya wangeturahisishia kazi. Alisikiliza, akauliza wateja wangapi wanatumia Kiswahili. Wachache, Alliance akasema. Josefin akashusha pumzi.

"Tukifungua masikio ya mashine kwa maongezi yote, bili inarudi ilikokuwa. Bili ikirudi, kommun, hiyo halmashauri inayotulipa, itavunja mkataba. Mkataba ukivunjika, wazee wako hao hawana kitufe kabisa. Unaelewa? Niandikie pendekezo, tuliangalie baada ya miezi mitatu, tukiwa na takwimu."

"Na kama mtu ataanguka kabla?"

"Mpaka sasa ameanguka nani?"

"Bado hakuna," akasema Alliance. Angeweza kusema zaidi. Angeweza kusema kwamba mashine isiyoelewa watu haifai kuachiwa kuamua nani afuatwe. Kwamba Kiswahili kizimwe kabisa, wazee wale wapelekwe moja kwa moja kwa binadamu. Angeweza kuwaandikia wakubwa wa Josefin. Yote hayo aliyajua. Alirudi mezani kwake akafanya jambo lingine.

Aliiandikia mashine kanuni ndogo: wito ukitoka kwenye namba fulani moja, usipite kwa mashine ndogo, uende wote, toka salamu mpaka amina, kwa ile kubwa yenye akili. Namba ilikuwa ya Vénant. Kanuni kama hizo lazima mtu wa pili azikubali, basi akamwita Liam, mwenzake wa meza ya pili.

"Hii namba ya nani?" Liam aliuliza.

"Ya majaribio."

Liam akabonyeza kukubali, akarudi kwenye kahawa yake.

Tusiseme Alliance hakumfikiria Jerioth. Alimfikiria jioni hiyohiyo akivua viatu mlangoni. Akasema ataiongeza na namba yake. Halafu ukiongeza ya Jerioth, uongeze na za wazee wengine wa Kiswahili, ya Mama Emérithe, na ya Mzee Félix, na ya wale Wakongo wawili wa Farsta, na Liam si mjinga kiasi hicho cha kuamini kwamba Majaribio ana ukoo. Akavua kiatu cha pili. Wiki hiyo alilala vizuri.

Haukupita muda, Vénant akashikwa na kizunguzungu kweli. Akabonyeza, akasalimia kwa utaratibu wake wote, akauliza na hali ya watoto wa hapo ofisini, ndipo akaeleza. Muuguzi alifika kabla hajamaliza kuvaa soksi. Ilikuwa shinikizo la damu. Akapewa dawa, akapona. Ila kwa majivuno hakupona. Alimpigia binti yake simu, ameiweka sauti ya juu ili na jirani asikie.

"Umeona? Ulitaka nibweke. Nimewasalimia vizuri, wamekuja mbio kama nimewaita karamuni!"

"Vizuri, Baba. Nimefurahi."

"Nimemwambia na Mama Tiana. Yeye ana haraka, anaongea kama anafukuza kuku. Nimemwambia, uungwana ndio unaowaleta."

Sauti ya Jerioth ikaingia kutoka mbali: "Aki baba yako ananifundisha adabu uzeeni! Lakini nimemkubalia. Nitawasalimia hata paka wao!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Simu ilikuwa wazi, wote wawili wanasikiliza, na maneno hayakuwa mengi: *Mama Tiana, usimfuate baba, wewe anza kwa kupiga kelele.* Lakini angeulizwa, kwa nini mimi na si yeye? Alliance akacheka pamoja nao, kicheko kifupi, akasema ana kikao.

Jerioth alianguka jikoni kwake akichukua sufuria ya chini kabatini. Aliyemkuta ni mwanamke wa hemtjänst anayewaletea wazee chakula, siku iliyofuata, wakati wa mchana. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na jokofu, kitufe kiko mkononi.

Vénant alimpigia binti yake. Alisema jambo moja tu, akalirudia: "Alikuwa na kitufe. Alikuwa na kitufe, Alliance."

Alliance aliingia ghalani, kule kwenye rekodi za bei poa, akavaa vipokea sauti, akasikiliza.

"Hamjambo wanangu," alisema Jerioth. Sauti ilikuwa inatoka chini, na ilikuwa imekazwa kama mtu anayebeba kitu kizito huku akitabasamu. "Habari za kutwa? Mnaonaje na hii theluji? Huku tuko salama, namshukuru Mungu, mimi sijambo, na jirani yangu Vénant pia hajambo, anawasalimu. Ila nimeanguka hapa jikoni, na mguu sijui umegeuka vipi, siwezi kuuburuta. Na tumbo limekuwa gumu. Mkipata nafasi, wanangu."

"Asante, Jerioth. Tunafurahi kusikia kuwa unaendelea vizuri. Tutakupigia."

Kijani.

Alibonyeza tena. Na kila alipobonyeza alisalimia upya, maana nani ajuaye kama zamu haijabadilika. Huwezi kumkuta mtu mpya ukamvamia. Salamu zikawa zinapungua pumzi lakini hazikupungua maneno. Aliuliza kuhusu watoto wao. Mara moja alifanya hata mzaha: "Na paka wenu hajambo?" Mashine ilifurahi kila mara. Katika wito wa mwisho hakufika kwenye shida yenyewe. Alisema hamjambo, akasema sisi huku, akaishia hapo.

Simu za kurudisha zilipigwa kama ilivyoahidiwa. Ziliita, hazikupokelewa, zikaandikwa: *mteja hakupatikana.*

Alliance akavua vipokea sauti. Akaifuta ile kanuni ya sekunde chache, si kwa Kiswahili tu, kwa lugha zote na kwa kila kitufe, akamwita Liam.

"Josefin anajua?" Liam aliuliza.

"Hajui."

"Bili itapasuka."

"Itapasuka."

Liam alimtazama usoni, kisha akakubali bila kuuliza namba ya nani.

Msiba uliwekwa kwa marehemu palepale Jordbro. Chumba kilijaa: Wakenya, Warundi, Wakongo, viatu vimepangwa kwenye ngazi mpaka ghorofa ya pili, na mlangoni Mswidi mmoja jirani ameshika ua, hajui aingie au alitupe. Vénant alikuwa amepewa kiti cha mbele kwa kuwa ndiye aliyeongoza sala. Na Alliance alipowatazama wazee waliokaa ukutani, aliona jambo ambalo hakuwahi kulitazama vizuri: shingo baada ya shingo, juu ya vitenge na juu ya tai, kitufe kilekile cha kijivu.

Tiana alikuwa jikoni, anamimina chai. Alikuwa msichana aliyezaliwa huku, anasomea uuguzi Flemingsberg, na Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake mtupu. Alimpa Alliance kikombe.

"Nataka kukuomba kitu, dada. Wewe unafanya kazi pale. Polisi wamesema alibonyeza. Sauti zinahifadhiwa?"

"Zinahifadhiwa."

"Basi niambie alisema nini. Nimekaa nafikiria, labda aliniita. Labda alilia na mimi nilikuwa darasani najifunza kuinua wagonjwa."

Vénant alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni pa jikoni na kijiti cha meno mkononi. Alliance angeweza kusema hakulia, na ingekuwa kweli, na ingetosha.

"Hakulia," alisema. "Alisalimia."

Akaeleza yote, pale karibu na lile jokofu. Mashine ndogo na sekunde zake. Keki. Josefin. Na alipofika kwenye namba moja iliyopewa njia yake peke yake, alishusha sauti, lakini hakuruka.

"Namba ya nani?" akauliza Tiana.

Alliance akamtazama baba yake.

"Kwa hiyo hawakuja kwa uungwana wangu," alisema Vénant.

"Hapana, Baba."

"Nami nilimfundisha." Alisema hivyo tu. Akageuka, akarudi chumbani, akakipita kile kiti cha mbele, akaenda kuketi sakafuni mlangoni, kwenye viatu. Watu wakamwambia mzee rudi, mzee utapata baridi, hakuinuka.

Tiana alichukua kikombe kutoka mkononi mwa Alliance, chai ingali nzima, akaimwaga kwenye sinki. Akafungua maji, akaosha kikombe vizuri, akakifuta.

"Ningekwambia utoke," alisema. "Lakini wale ukutani wataenda nyumbani jioni na vile vitu shingoni. Ingia ndani ukawaambie kama ulivyoniambia. Usipunguze. Wewe ni fundi wa kupunguza, leo usipunguze."

Alliance akaingia, akasimama katikati. Nyimbo zikakatika. Alisema yote, kwa Kiswahili, na pale ambapo Kiswahili chake kilimwishia alisema kwa Kirundi, na wengine wakatafsiriana kwa kunong'ona. Alipomaliza hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali wangemzomea.

Mama Emérithe, ambaye ana moyo mbovu na haendi popote bila fimbo, alikiinua kitufe chake kutoka kifuani kwa vidole viwili, kama mtu anayemwinua mende kwa sharubu.

"Na changu?" alisema. "Kinasikia?"

"Tangu juzi kinasikia, Mama. Mpaka mwisho."

"Na changu?" akauliza Mzee Félix.

"Na chako."

Ukuta mzima ukauliza, mmoja mmoja, na kila mmoja akataka ajibiwe yeye, asijumlishwe na wenzake. Alliance akawajibu wote. Kisha Mama Emérithe akapiga fimbo sakafuni.

"Mkubwa wako amekubali?"

"Bado hajui. Bili itamfikia Jumatatu."

"Atakapoiona ataziba tena?"

"Nitakataa, Mama."

"Akikufukuza, akamweka mwingine asiyekataa?"

Alliance akatia mkono mfukoni. Simu yake ilikuwa inatetemeka humo, na jina la Josefin lilikuwa likimulika kupitia kitambaa. Jumatatu ilikuwa imewahi. Wazee walikuwa wakimngoja, na kutoka kule kwenye viatu baba yake pia alikuwa ameinua uso. Mama Emérithe hakungoja sana. Alikivua kitufe kwa kukipitisha kichwani, taratibu, kisiguse kilemba, akakiweka sakafuni mbele ya miguu ya Alliance, kisha akamgeukia mtu aliyekaa kushoto kwake.

"Wewe unakaa wapi?" alimuuliza. "Nikigonga ukuta, unasikia?"